Kasi ya Intaneti na Urefu wa Waya

Mtu ambaye intaneti ya nyumbani mwake ni ya polepole aghalabu huilaumu kampuni inayomhudumia, akahamia nyingine, na hali ikabaki vile vile. Kwa nini? Tuuchukue mfano wa Uingereza, ambako kampuni nyingi huuza huduma kwa kukodi nyaya zile zile za Openreach. Jina kwenye ankara hubadilika. Waya ufikao nyumbani haubadiliki.

Nao waya wa shaba una tabia yake. Ishara za umeme hufifia kadiri zinavyosafiri, na zile za masafa ya juu, zibebazo sehemu kubwa ya habari, hufifia upesi zaidi. Kwa utaratibu uitwao ADSL2+, nyumba iliyo jirani na kituo cha simu huweza kupokea megabiti 24 hivi kwa sekunde. Iliyo umbali wa kilomita 5 huenda isipate hata 3.

Basi hapana budi kupima kabla ya kutoa fedha. Kompyuta iunganishwe na ruta kwa kebo, kasi ipimwe alfajiri na tena saa 3 usiku. Ikiwa kwa kebo ni nzuri lakini chumbani, bila kebo, ni mbovu, kosa limo ndani ya nyumba: pengine ni ukuta mnene tu. Kasi ikidorora usiku peke yake, yamkini njia za kampuni zimesongamana, na hapo kuhama huweza kufaa. Lakini ikiwa mbovu saa zote, yaelekea tatizo ni waya wenyewe. Atafutwe mwuzaji mwenye njia nyingine, hasa nyuzi za kioo zifikazo hadi nyumbani, ambamo mwanga husafiri kilomita nyingi bila kufifia sana.