Nani Anasoma Uso Vizuri, Mdada au Mkaka?

Hosteli za hapa UDOM zina utetezi mmoja unaotolewa haraka sana. Mtu kapata sapu tatu, bumu halijaingia, wiki nzima hana raha, na mkaka anayelala naye chumba kimoja hajagundua. Ukimuuliza: "Sisi wanaume hatuna macho ya hayo mambo." Wadada nao ndio wanaotumwa kila mara kwenda kumuuliza mwenzao kulikoni, eti wamezaliwa nayo. Wanasaikolojia wamelipima jambo hili miaka mingi, basi tuone vipimo vinasemaje.

Mwaka 1978 Judith Hall wa Marekani alikusanya tafiti 75 zilizolinganisha jinsia mbili katika kusoma ishara za uso, mwili na sauti. Wanawake walikuwa mbele. Mwaka 2014 Thompson na Voyer walikusanya tena tafiti na kukuta pengo lipo, ila ni dogo. Dogo kiasi gani? Okota mdada mmoja na mkaka mmoja pale Chimwaga bila kuchagua, wape kipimo kilekile: mdada atamshinda mwenzake kama mara 55 kati ya 100. Zile 45 ni za mkaka! Kwa pengo hilo huwezi kumpangia mtu kazi.

Kipo pia kipimo cha picha 36 zinazoonyesha macho tu, nawe unachagua neno linaloeleza hisia ya mwenye macho. Matokeo ya nchi 57 yalitolewa mwaka 2022. Katika nchi 36 wanawake waliongoza, katika 21 hapakuwa na tofauti ya maana, na hakuna hata moja ambako wanaume waliongoza. Kwa hiyo tofauti ipo, tusibishe.

Lakini inatoka wapi? Hapa ndipo utafiti wa Klein na Hodges wa mwaka 2001 unaponifurahisha. Watu walitazama video ya mwanafunzi akisimulia masaibu yake, kisha wakakisia alichokuwa akiwaza na kuhisi. Walipoahidiwa pesa kwa kila jibu sahihi, wote walifanya vizuri zaidi na tofauti ya jinsia ikapotea. Macho wanaume walikuwa nayo tangu mwanzo; kilichokosekana ni sababu ya kuyatumia.

Tena picha zenyewe zina mashaka. Watafiti walipokwenda kwa Wahadza, kule Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Singida, wakawasimulia visa na kuwaonyesha nyuso za kuigiza hofu, hasira au huzuni, machaguo yao hayakulingana na yale ambayo vitabu vingi vinayaita ya binadamu wote. Kwa hiyo hata huyo mdada wa mara 55, akiletewa uso wa mwenzake aliyekulia Mpwapwa au Kondoa, kuna mahali atabahatisha, na itabidi aulize tu.