Programu ya Kompyuta Ipimwe kwa Kazi Yake, Si kwa Nchi Ilikotoka

Tuseme una duka la vyakula vya mifugo hapa Kisaju na umechoka na daftari la madeni. Vijana wawili wa Kitengela wanakuletea programu ya hesabu waliyoiunda wenyewe. Wakala naye anakuletea nyingine ya ng'ambo, kwa bei maradufu. Jirani anakunong'oneza: "Chukua ya ng'ambo. Ya hapa itakufa kesho, na ya China usiiguse." Ukikosea, utapoteza pesa na hesabu za duka. Vijana nao wakikataliwa bila kupimwa, watapoteza riziki. Je, ushauri wa jirani ni wa haki?

M-Pesa ni ya nchi gani?

M-Pesa ilizinduliwa na Safaricom mwezi Machi 2007, nasi hujivunia kuwa ni ya Kenya. Hata hivyo, programu yake ya kwanza iliandikwa na kampuni ya Sagentia ya Cambridge, Uingereza, na kwa miaka kadhaa seva zake zilikuwa Ujerumani. Mwaka 2015 huduma hiyo ilihamishiwa nchini, kwenye mfumo mpya uliotengenezwa na Huawei ya China. Anayeuza mbuzi na kulipwa kwa simu haulizi hayo. Anachouliza ni kama pesa zimeingia.

Jina kubwa si kinga

Mwaka 1999, Posta ya Uingereza ilianza kutumia Horizon, mfumo wa hesabu uliotolewa na Fujitsu, kampuni kubwa ya Japani. Mfumo ulikuwa na hitilafu: ulionyesha upungufu wa pesa ambao haukuwapo. Wakuu waliuamini mfumo kuliko watu, na wasimamizi wa matawi zaidi ya 900 wakahukumiwa kwa wizi na udanganyifu. Ilipofika mwaka 2024, Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kufuta hukumu hizo.

Kwa upande mwingine, mapema mwaka 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, Wakenya waliunda Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani. Miaka miwili baadaye ilitumika nchini Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Mifano hii yatuonyesha kwamba ubora hutokana na watu walioiandika programu, walivyoijaribu, na wanavyorekebisha makosa watumiaji wanapolalamika. Nchi moja hutoa programu nzuri na mbovu.

Nchi ina maana wapi?

Kuna jambo moja ambalo ni halali kuuliza: data yangu inakaa wapi, na nani anawajibika? Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawahusu hata walio nje ya Kenya iwapo wanashughulikia data za watu walioko nchini. Ukidhulumiwa, unaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Lakini kumfuata kampuni asiye na ofisi wala wakala hapa nchini kunaweza kuwa kazi ngumu.

Maswali matano kabla ya kulipa

1. Naweza kuijaribu wiki mbili kwa hesabu zangu halisi, huku nikiendelea na daftari?
2. Umeme au mtandao ukipotea katikati ya mauzo, rekodi zitabaki?
3. Nakala ya akiba inahifadhiwa wapi, na nikiacha kuitumia nitapewa hesabu zangu?
4. Ikiharibika Jumamosi jioni, nimpigie nani?
5. Ni nani mwingine anayeitumia, nizungumze naye?

Waulize vijana wa Kitengela maswali haya, kisha umuulize wakala maswali yale yale. Usiwapendelee vijana kwa sababu ni wetu. Programu mbovu ya jirani bado ni mbovu. Usimwogope wakala wala kumsujudia kwa sababu bidhaa yake imevuka bahari. Atakayejibu vizuri na programu yake ikapita jaribio, huyo ndiye wa kulipwa.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Basi tazama vilivyoundwa, wala usiishie kutazama bandari vilikotoka.