Tezi ya Shingo na Ujauzito: Wiki Zinazotangulia Kliniki

Mama mjamzito anapofika kliniki kwa mara ya kwanza hupimwa uzito, shinikizo la damu, wingi wa damu, malaria, kaswende na virusi vya UKIMWI. Hupewa kadi, vidonge vya kuongeza damu ambavyo wengi wetu huviita fefo, na tarehe ya kurudi. Tezi iliyo shingoni mwake, kwa kawaida, haipimwi. Hatusemi hivyo kuwalaumu wauguzi, kwa kuwa kipimo chake hakimo katika orodha ya kila mjamzito, na wataalamu wenyewe hawajakubaliana kama kinapaswa kuwamo. Ila matokeo yake ni kwamba anayejua hatari yake ni mama mwenyewe, na asipouliza huenda asiulizwe.

Tumeliweka somo hili katika kijitabu cha walaji, badala ya kuwaachia waganga peke yao, kwa sababu sehemu kubwa ya kinga yake hununuliwa kwa fedha ya mlaji: chumvi ya dukani, vidonge vya famasi, na kipimo cha maabara. Katika kila kimoja kuna namna ya kununua vizuri na namna ya kupoteza fedha.

Kazi ya tezi hii

Tezi ya shingo, ambayo vitabu vya elimu ya viumbe huiita dundumio na hospitalini huitwa thairoidi, imekaa mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo, na umbo lake hufanana na kipepeo aliyekunjua mabawa. Hutengeneza homoni zinazoongoza kasi ya mwili mzima: mapigo ya moyo, joto la mwili, mwendo wa choo, hata wepesi wa kufikiri. Malighafi yake kuu ni iodini, ambayo nchini Tanzania imezoeleka kwa jina la madini joto. Mwili hauwezi kuyaunda. Hayana budi kuliwa.

Mtoto aliye tumboni naye huzihitaji homoni hizo tangu siku za mwanzo, maana ndizo zinazosaidia ubongo wake kujengeka. Lakini tezi yake mwenyewe huanza kufanya kazi karibu na wiki ya 12, na hata baada ya hapo huendelea kumtegemea mama hadi ujauzito unapofika katikati. Kwa wiki hizo za kwanza mtoto hana chanzo kingine. Kwa hiyo tezi ya mama hulazimika kuongeza kazi kwa karibu nusu ya kiwango chake cha kawaida, na wakati huohuo figo zake hupoteza madini joto mengi zaidi kwa njia ya mkojo. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linapendekeza mikrogramu 150 za madini joto kwa siku kwa mtu mzima, na 250 kwa mjamzito na anayenyonyesha.

Tunamwomba msomaji aitazame hesabu hii ya wiki kwa makini. Shirika hilohilo linashauri hudhurio la kwanza la kliniki lifanyike kabla ya wiki ya 12 kupita, lakini akina mama wengi huanza mwezi wa nne au wa tano, wengine kwa umbali wa kituo, wengine kwa kuona haya kuitangaza mimba ingali changa. Kufikia hapo, kipindi ambacho mtoto aliishi kwa homoni za mama peke yake kimekwisha kupita. Chumvi iliyokuwa jikoni kabla ya mimba kutungwa ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi.

Chumvi ya kununua

Katika Nyanda za Juu Kusini, hasa Mbeya, Iringa na Rukwa, rovu lilikuwa jambo la kawaida kiasi kwamba wako walioliona kuwa alama ya ukoo. Udongo wa milimani, uliooshwa na mvua kwa karne nyingi, hubaki na madini joto machache, na mazao yake huwa hivyohivyo. Kuanzia 1986 Serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika sana, na katikati ya miaka ya 1990 ikawekwa sheria kwamba chumvi ya kuliwa na binadamu iongezwe madini hayo. Rovu likapungua. Pamoja nalo, tunaogopa, ikapungua na kumbukumbu ya kwa nini sheria ile iliwekwa.

Si kweli kwamba anayeishi karibu na bahari hana haja ya kuhangaika. Chumvi ya bahari iliyokaushwa juani haina madini joto ya kutosha kwa asili yake. Ni lazima iongezwe. Katika mikoa ya pwani ya kusini, ambako chumvi huvunwa kwa wingi, tafiti za kitaifa zimekuta kaya nyingi zikitumia ile ile inayotoka shambani kabla haijaongezwa kitu. Ni ya bei nafuu, inapatikana jirani, na inakoleza mchuzi kama nyingine yoyote.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Jicho haliwezi kuitofautisha chumvi yenye madini joto na isiyo nayo, wala ulimi hauwezi. Mkaguzi hudondoshea tone la dawa maalumu, na chumvi iliyo nayo hugeuka rangi kuwa ya buluu au zambarau. Mlaji asiye na tone hilo ana kifungashio tu cha kumwongoza. Anunue chumvi iliyofungwa, yenye jina na anwani ya mzalishaji, maneno yanayoeleza kwamba imeongezwa madini joto, tarehe ya mwisho ya matumizi, na alama ya ubora ya TBS. Chumvi ya kupima kwa kopo kutoka gunia lililo wazi haina ushahidi wowote, hata kama gunia lenyewe lina maandishi mazuri.

Ukishafika nayo nyumbani, ihifadhi katika chombo chenye mfuniko, mahali pakavu, mbali na jiko na mbali na dirisha linalopigwa na jua. Joto na unyevu huyapunguza madini joto taratibu. Katika kupika, itie chumvi chakula kinapokaribia kuiva. Wala usiongeze chumvi kwa nia ya kuongeza madini joto: mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyake vyote, na mjamzito ana sababu ya ziada ya kulichunga shinikizo la damu. Samaki wa baharini, maziwa na mayai huchangia pia.

Kuhusu muhogo tunaulizwa mara nyingi. Muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa ipasavyo huacha sumu ambayo mwili, katika kuiondoa, huigeuza kuwa kitu kinachoizuia tezi kuchukua madini joto. Uliolowekwa, ukakaushwa na kupikwa vizuri hauna neno kwa mama anayetumia chumvi sahihi. Kabichi iliyopikwa, nayo huonewa bure.

Upande wa pili wa jambo hili ni vidonge vya mwani na vya «kusafisha tezi» vinavyouzwa kwa maneno matamu. Mwani hubeba iodini, lakini kiasi chake hutofautiana mno kati ya aina moja na nyingine, na iodini ikizidi huivuruga tezi kama inavyopungua. Mjamzito asivitumie bila kuandikiwa na daktari.

Dalili zinazojificha ndani ya ujauzito

Tezi ikilegea, mama huchoka kuliko kawaida, huhisi baridi wenzake wakiwa hawaihisi, hupata choo kigumu, ngozi hukauka, nywele hukatika, uzito huongezeka. Ikizidisha kazi, moyo humwenda mbio hata akiwa amekaa, mikono hutetemeka, jasho humtoka, hukosa usingizi, na uzito hauongezeki ijapokuwa anakula. Wengine macho huwatoka. Msomaji aliyewahi kubeba mimba ataona mara moja tatizo lilipo: nusu ya dalili hizi ni za ujauzito wenyewe, na mama akizieleza huambiwa kwamba ni mimba tu.

Kuna na mtego wa kinyume. Homoni inayotolewa na mimba changa hufanana kiasi na ile inayoiamuru tezi kufanya kazi, na kwa mama anayetapika sana kipimo kinaweza kuonyesha kana kwamba tezi imezidisha, kumbe hali hiyo hutulia yenyewe mimba inapokua. Kwa sababu hiyo matokeo ya kipimo yasomwe na daktari, si na muuza dawa.

Tezi iliyolegea sana bila kutibiwa huongeza hatari ya mimba kuharibika, kifafa cha mimba, kujifungua kabla ya wakati, na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo au kuchelewa kiakili. Mama anayepaswa kuomba kipimo bila kusubiri dalili ni yule aliyewahi kuugua au kupasuliwa tezi hii, mwenye rovu, mwenye ndugu wa damu wenye maradhi hayo, mwenye kisukari cha kutegemea insulini, aliyepoteza mimba au kujifungua njiti hapo nyuma, au aliyehangaika muda mrefu kupata mimba.

Kipimo chenyewe ni cha damu na huitwa TSH. Si kila zahanati inacho; mara nyingi hupatikana hospitali kubwa au maabara binafsi. Uliza bei kabla ya kutolewa damu, na uliza kama bei hiyo ni ya TSH peke yake au pamoja na homoni nyingine, maana wako wanaouziwa vipimo vitano pale ambapo kimoja kingetosha kuanzia. Hakikisha umri wa mimba kwa wiki umeandikwa kwenye fomu, kwa kuwa viwango vya mjamzito si sawa na vya asiye mjamzito. Ikiwa unameza vidonge vya kuimarisha nywele na kucha, mweleze mtaalamu: vingi vina biotini, ambayo huweza kuyapotosha majibu, na huenda akakutaka uviache siku chache kabla.

Mama aliyekwisha kuanzishiwa dawa

Tezi iliyolegea hutibiwa kwa levothairoksini, ambayo ni homoni ileile ya mwilini iliyotengenezwa kiwandani. Ni salama kwa mjamzito na kwa anayenyonyesha. Jambo linalotusikitisha kuliko yote katika somo hili ni mama kuiacha pindi anapogundua ni mjamzito, kwa ushauri mwema wa jamaa kwamba mimba na dawa havipatani. Ukweli ni kinyume chake: mahitaji yake huongezeka mapema, mara nyingi kwa robo hadi nusu ya dozi ya awali. Kwa hiyo asingoje tarehe ya kliniki. Mara anapokosa hedhi na kipimo cha mimba kikathibitisha, amwone daktari wake wiki hiyohiyo, kisha TSH ipimwe kila baada ya takriban wiki nne hadi nusu ya ujauzito.

Tuchukue mfano. Mama anaamka saa kumi na mbili asubuhi, anameza levothairoksini pamoja na fefo alizopewa kliniki, kwa chai ya maziwa, apate kuzikumbuka zote kwa pamoja. Ni mama mwangalifu, hakosi hata siku moja. Lakini madini ya chuma yaliyo ndani ya fefo huinasa levothairoksini tumboni, na sehemu kubwa yake hupita bila kuingia katika damu. Kalisiamu hufanya vivyo hivyo. Baada ya miezi miwili kipimo kinaonyesha tezi imelegea zaidi, na mama anaulizwa kwa nini hatumii dawa.

Dawa zote mbili anazihitaji. Zinachotaka ni kutenganishwa. Levothairoksini imezwe alfajiri kwa maji matupu, chai ifuate baada ya nusu saa hadi saa moja, na fefo zisogezwe mbele kwa saa nne au zaidi, ama mchana ama kabla ya kulala. Mama asione haya kumwambia muuguzi wa kliniki, «Natumia na dawa ya tezi.» Asipoambiwa hawezi kujua, hasa pale dawa inapotoka hospitali moja na fefo kutoka nyingine.

Anaponunua, asome nguvu ya kidonge: levothairoksini hupimwa kwa mikrogramu, na boksi la 25 na la 100 la mtengenezaji mmoja huweza kufanana sana. Akibadilishiwa aina kwa sababu ile ya zamani imekwisha, amjulishe daktari, kwani kipimo huenda kikahitaji kurudiwa. Anunue famasi iliyosajiliwa na adai risiti.

Anayetibiwa tezi iliyozidisha kazi ana jambo jingine. Kabimazoli katika miezi mitatu ya mwanzo huweza kumdhuru mtoto, na madaktari wengi huibadilisha kwa propilthiourasili kwa kipindi hicho. Asiiache mwenyewe ghafla, bali amwone daktari mara moja, na ni vema zaidi mpango huo upangwe kabla ya kushika mimba. Iodini ya mionzi haitolewi kabisa kwa mjamzito, na aliyetibiwa kwayo hushauriwa kungoja angalau miezi sita kabla ya kubeba mimba.

Baada ya kujifungua

Dozi iliyoongezwa wakati wa ujauzito kwa kawaida hurudishwa kilipokuwa kiwango cha awali mara baada ya kujifungua, na TSH hupimwa tena karibu na wiki ya sita. Hata mama ambaye hakuwahi kuugua yumo katika hesabu: takriban mama mmoja kati ya 20 hupata uvimbe wa tezi usio na maumivu ndani ya mwaka wa kwanza wa uzazi. Kwanza moyo humwenda mbio kwa wiki kadhaa, kisha hufuata uchovu mzito, huzuni na usahaulifu, ambao nyumbani huitwa uchovu wa kulea. Wengi hupona wenyewe, baadhi huhitaji dawa.

Wiki ya sita ndiyo pia wiki ya chanjo za mtoto. Mama aliyekuwa akitumia dawa ya tezi, au anayejiona hayuko sawa, aichukue na kadi yake siku hiyo, na mtoto akishachomwa sindano amwombe mtaalamu amtazame na yeye.