Kuupima Mkono Kabla Haujapinda

Hombolo, karibu na mji wa Dodoma, ni mahali palipojulikana kwa miaka mingi kwa ajili ya hospitali yake ya ukoma. Watu wengi hudhani ukoma ni ugonjwa wa ngozi tu. Lakini vidole vilivyojikunja na vidonda visivyouma hutokana na kuharibika kwa mishipa ya fahamu. Vijidudu vya ukoma hupenda kukaa katika mishipa iliyo karibu na ngozi, penye ubaridi kidogo, kama ule upitao nyuma ya kiwiko. Mwili unapopambana navyo, mshipa huvimba; ukibanwa kwa muda mrefu, hufa.

Dawa za mseto, zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981, huua vijidudu, lakini haziufufui mshipa uliokwisha kufa. Tena mshipa waweza kudhoofika hata katikati ya matibabu, pengine bila maumivu yoyote. Mkulima huendelea kupalilia uwele wake, mpishi huendelea kuepua chungu mafigani, na hakuna atambuaye jambo mpaka kiganja kiungue. Udhaifu ukigunduliwa kabla ya miezi sita kupita, dawa ya prednisoloni huweza kuuponya mshipa. Baadaye matumaini hupungua. Hapo ndipo kazi ya mtaalamu wa tiba ya viungo inapoanza.

Kwanza hupima misuli. Mgonjwa huambiwa atanue kidole cha mwisho, naye mtaalamu hukizuia kwa kidole chake. Kikishindana naye kwa nguvu zote hupewa alama 5. Kikishindana kidogo, 4. Kikitanuka chote pasipo kuzuiwa, 3. Kikitanuka nusu tu, 2. Msuli ukitikisika bila kidole kusogea, 1. Pasipo dalili yoyote, 0. Kipimo hiki chatokana na kile kilichotolewa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwa ajili ya majeruhi. Udhaifu wake u wazi: tofauti ya 4 na 5 hutegemea mkono wa mpimaji.

Upimaji wa ganzi una hila nzuri zaidi. Kugusa kwa ncha ya kalamu hakutoshi, kwa kuwa leo mpimaji hubonyeza sana na kesho kidogo. Uzi wa nailoni wenye unene na urefu maalumu hupinda nguvu ifikapo kiwango fulani, na hata ukisukumwa zaidi, nguvu haiongezeki sana. Mwalimu wa fizikia aweza kulionyesha jambo hili darasani kwa uzi wa kuvulia samaki na mizani nyepesi. Katika kiganja hutumika uzi unaopinda kwa uzito wa gramu 2. Katika unyayo, gramu 10. Mgonjwa hufumba macho na kuonyesha alipoguswa.

Vipimo hivyo vikirudiwa kila mwezi na kuandikwa, swali la tiba huweza kujibiwa kwa hesabu. Je, prednisoloni itolewe kwa wiki 20 au 32? Katika nchi za Asia, zikiwamo Nepal na Bangladesh, wagonjwa waligawanywa kwa kura, wala wao na wapimaji hawakujua nani yumo kundi gani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 hayakuonyesha tofauti ya maana. Wiki 12 zaidi za kumeza dawa iwezayo kudhoofisha mifupa na kupandisha sukari katika damu hazikuwaongezea wagonjwa wale nguvu ya mkono.