Dondoo muhimu: Kutafuta mtoto, Kilosa na Mikumi
Mume akiwa dereva wa lori, tazameni kwanza ratiba ya safari zake. Yai la mwanamke haliishi zaidi ya saa 24, ila mbegu za mwanaume huweza kudumu hadi siku 5 mwilini mwa mke. Siku chache kabla ya yai kutoka ndizo za thamani. Ute ukeni ukianza kuteleza na kuvutika kama ute wa yai bichi, mume awe nyumbani Mikumi, si safarini Tunduma. Mke aanze mapema vidonge vya asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku. Mwaka ukipita bila mimba, au miezi 6 kwa mke aliyetimiza miaka 35, nendeni wote wawili Hospitali ya Wilaya Kilosa au Mtakatifu Kizito, Mikumi. Wote wawili, tafadhali: tatizo huweza kuwa kwa mume, na lawama zote kumwangukia mke ni dhuluma.