Salfa ni Kinga, si Tiba: Maelezo kwa Mkulima wa Korosho

Kila msimu maofisa ugani wa Mtwara na Lindi husikia lalamiko lilelile: nimepuliza salfa, na maua yamekauka. Anayelalamika huhitimisha kwamba salfa ilikuwa feki. Salfa feki ipo na tutaisema, lakini mara nyingi kosa halimo mfukoni, limo kwenye kalenda.

UGONJWA WENYEWE

Ubwiriunga, ugonjwa ambao salfa huukinga, huletwa na kuvu. Hushika sehemu changa za mkorosho tu: majani machanga, mashada ya maua na korosho zinazoanza kuumbika. Tazama shada asubuhi: vitumba vina vumbi jeupe lenye ukijivu, na ukipitisha kidole linabaki kidoleni. Baada ya siku chache vitumba hugeuka kahawia, hukauka na kupukutika. Kitumba kisichofunguka hakikupi korosho.

Wengi wamezoea kwamba kuvu huja na mvua. Huyu haihitaji. Hustawi kiangazi, Juni hadi Septemba, usiku ukiwa wa baridi na alfajiri ina umande, wakati uleule mikorosho inapochanua. Upepo humbeba kutoka shamba hadi shamba.

USISUBIRI UUONE UNGA

Salfa ni kinga. Hufunika sehemu changa ili kuvu asiote. Ua lililokwisha kukauka halifufuki hata ulimwagie mfuko mzima. Anza mashada yanapochomoza, rudia kila baada ya siku 14 mpaka uchanuaji uishe, kwa kuwa mashada mapya huendelea kutoka na hayo hayajapata kinga. Aliyepuliza mara moja akaenda zake, asituambie kwamba amepuliza.

Kipimo ni gramu 250 kwa mti mkubwa kwa kila mzunguko. Mfuko wa kilo 25 hutosha miti 100, mara moja tu. Mwenye miti 200 na mifuko miwili hana salfa ya msimu, ana salfa ya mzunguko mmoja. Anayetawanya mfuko mmoja kwenye miti 300 anajidanganya mwenyewe.

Puliza kuanzia alfajiri hadi saa 3 asubuhi, umande ungalipo na upepo umetulia. Ukipuliza saa 6 mchana, salfa yako inakwenda kwa jirani, naye hata ahsante hasemi. Funika pua na mdomo, vaa miwani. Usivute sigara karibu na mashine, maana vumbi la salfa hushika moto. Tunarudia: hushika moto.

Na kabla ya msimu, palilia, pogoa, kata maotea yote ndani ya mti. Kuvu hujificha humo akisubiri maua.

Wanaobeza maelekezo haya wakumbuke hesabu. Tanzania ilizalisha korosho tani 145,000 msimu wa 1973/74. 1986/87 hazikufika tani 20,000. Kuhamishwa kwa watu kwenda vijiji vya ujamaa, mbali na mikorosho yao, kulichangia, na ubwiriunga ukamalizia. Watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, walifanya kazi kubwa kufundisha matumizi ya salfa, na zao likainuka. Kazi hiyo tunajivunia. Hatutakubali ichafuliwe na mtu aliyeanza kupuliza mwisho wa Agosti.

MENGINEYO

Salfa haizuii magonjwa mengine ya mkorosho kama blaiti na mnyauko fusari. Ukiona mti mzima unanyauka, usihangaike na mashine, mwite ofisa ugani upesi.

Salfa ya ruzuku ni ya aliyesajiliwa na miti yake ikahakikiwa. Masharti mengine yaulize kwenye ofisi ya kijiji au chama cha msingi cha ushirika (AMCOS).

Ili kuepuka salfa feki, usipokee mfuko uliofunguliwa, usio na lebo, au ulioshonwa upya kwa mkono. Usinunue salfa inayouzwa kwa kificho, na ya ruzuku usiiuze.

Mwenye lalamiko alete mfuko mtupu wenye lebo, idadi ya miti aliyopuliza, na tarehe ya kila mzunguko. Asiye na tarehe hatutamsikiliza.