Vidokezo 6 vya Darasa la Muda Lisilochoma

Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, shule za Mbagala, Chamazi, Bunju na kwingineko pembezoni mwa Dar zimefurika watoto. Jibu la haraka huwa banda la bati au kontena. Ni la muda tu, tunaambiana, kisha linakaa miaka. Kamati za shule, zingatieni haya.

1. Anzeni na jua. Kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini. Zile fupi ndizo zipokee jua la asubuhi na la jioni. Hapo upepo wa Kaskazi na wa Kusi wote unaingia dirishani. Kugeuza jengo kwenye mchoro hakugharimu kitu. Zege likishamwagwa, basi tena.

2. Paa ndilo adui mkubwa. Bati tupu la Februari, saa saba mchana, linashusha joto moja kwa moja vichwani mwa watoto. Masika ikija, mvua inalipiga mpaka mwalimu ananyamaza, anabaki kuandika ubaoni. Wekeni dari, acheni nafasi kati yake na bati, na matundu ya kutolea hewa ya moto. Msanifu majengo Francis Kéré alifanya hivyo kijijini kwao Gando, Burkina Faso, mwaka 2001: dari ya matofali ya udongo, na juu yake bati lililoinuliwa kwa kenchi za nondo, upepo ukipita katikati. Mwaka 2022 akapewa tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote za usanifu majengo.

3. Madirisha pande zote mbili. Ya aluminiamu ya kusukuma hufunguka nusu tu. Luva hufunguka karibu yote.

4. Fremu ya chuma ifungwe kwa boliti, isichomelewe, ili ihamishike kweli. Kwa kuta za kudumu, waulizeni wataalamu wa ujenzi kuhusu tofali za kufungamana: hushindiliwa kwa mashine, hazichomwi kwa kuni.

5. Gata, jamani! Paa la meta 7 kwa 9 likipata mvua ya milimita 20 linakusanya lita 1,260. Hata mengine yakipotea, simtanki la lita 1,000 linajaa, na vyoo vinapata maji.

6. Pandeni mwarobaini upande wa magharibi, mbali kidogo na msingi.

Kabla hamjasaini mkataba, mwambieni fundi awaonyeshe kwenye mchoro kaskazini iko wapi. Akishindwa, msimpe kazi.